Nani Atakesha na Rhealyn

Jumanne, 17 Septemba

Saa moja ya kupumua kila Jumatano, simu zimezimwa, hakuna kuitwa wodini. Amesema Dk. Salcedo leo asubuhi, akiwa amesimama mlangoni kwa sababu ofisi yake imejaa viti vya plastiki. Yeye ndiye mlezi wa wanafunzi wa udaktari, na Jumamosi husimamia zamu ya idara ya dharura. Walengwa ni mwaka wa nne, wale wanaokesha na wagonjwa. Watakaa duara, kila mmoja aseme kinachomlemea.

"Manang, hawa watoto wanavunjika kimya kimya," aliniambia. Manang, au Nang kwa kifupi, ni dada mkubwa; wote hapa huniita hivyo. "Mmoja ameshaomba kuahirisha masomo. Mkuu wa kitivo atamwita Jumatatu."

Jina hakutaja. Nililipata kabla sijamaliza ngazi: Rhealyn Gumban. Mwanafunzi bora wa darasa lake mwaka jana.

Mhariri wangu, Nelson, anataka habari ya ukurasa wa Jumapili. Iwe na matumaini, Nang, anasema. Kila siku matumaini! Mvua haijakatika hapa mjini Iloilo tangu juzi. Viatu havikauki.

Jumatano, 18 Septemba

Kikao cha kwanza. Dk. Salcedo kaingia na sinia la pansit. Tambi! Kwa watu wanaokwenda zamu! Hospitali nzima inajua: ukila tambi, zamu itakuwa ndefu kama tambi zenyewe. Wanafunzi wakaliangalia lile sinia kama limetoka mochwari.

"Mama yangu kapika, jamani," alisema daktari. "Nilisahau kabisa."

"Dok, si ungetuletea vyeti vya vifo tu," akasema kijana mmoja, Kirby Tupas. Huyu ndiye mchekeshaji wao.

"Angeleta pansit molo, ile supu," akasema mwenzake. "Ile haina hata tambi moja."

"Jina lake ni pansit. Inatosha!"

Wakacheka. Ndicho kicheko pekee cha saa nzima. Nami nilipokaribishwa nilisema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba.

Kisha msichana wa pembeni, mwembamba, nywele kazibana kwa kalamu, akachukua sahani. Akajipakulia. Akala polepole mpaka mwisho, wote wanamtazama.

"Haya," akasema. "Leo mna sababu."

Huyo ndiye Rhealyn. Hakusema lingine. Wengine nao wakasema mambo ya usingizi na mitihani, mambo ya kuandikika.

Nilimvuta Kirby kando. Anasema Rhealyn ana alama ya kuzaliwa makalioni. Yaani nuksi. Akiingia zamu, ambulensi hazikatiki. "Heri nipangiwe na shetani, Nang. Shetani angalau hulala."

Kwa hiyo mnafanyaje?

"Tunapiga kura. Atakayeshindwa ndiye anakesha naye."

Mwenyewe anajua?

Hapo utani ukamwisha. Anajua. Vikaratasi vilikuwa kwenye kofia ya Kirby, na Rhealyn ndiye aliyeiokota kofia.

Alhamisi, 19 Septemba

Basi lilipinduka jana jioni barabara ya kaskazini. Majeruhi walilazwa mpaka kwenye korido. Aliyekuwa zamu — Rhealyn. Nani tena.

Nimemkuta kantini akikoroga kahawa isiyo na sukari. Hakutaka kuandikwa. Alitaka kusema. Nikafunga kalamu.

"Kuchoka nakuweza, Manang. Damu naiweza. Kutukanwa na daktari mkubwa mbele ya mgonjwa, hata hilo nimelizoea. Ila naingia wodini, namwona mwenzangu anapiga ishara ya msalaba. Kwa ajili yangu! Kama nimetoka kaburini."

Nikamwambia dereva alisinzia, polisi wamesema.

"Najua alisinzia. Si mimi niliyemwimbia." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Lakini kuna mzee nilimshona kichwa. Nikiwa namshona, nikajikuta namwomba msamaha moyoni. Umeelewa? Nimeanza kuamini. Daktari anayeamini yeye ndiye ajali atamtibu nani?"

Akiahirisha masomo, haendi kupumzika. Haendi na kurudi. Hilo nimelielewa leo.

Habari yangu bado haina kichwa. Nimeandika aya mbili, nimefuta mbili.

Ijumaa, 20 Septemba

Nilikuwa ofisini kwa Dk. Salcedo, nasubiri anithibitishie tarehe za vikao. Simu ikaita. Ni mpangaji wa zamu. Alinipa mgongo akaongea.

"Gumban mtoe kesho. Mpeleke wodi ya wazazi… Hapana, hajakosa kitu. Nimechoka tu, sitaki usiku mrefu."

Akageuka. Nadhani alikuwa amesahau kwamba nipo.

"Hilo usiandike, Nang."

Nikamwambia sijaamua.

Alikaa juu ya kiti kimoja cha plastiki. Akatazama vingine vilivyopangwa duara. "Sikufikiri," alisema. "Mdomo umesema wenyewe. Sisi wote tumekuzwa hivyo hapa. Nilipokuwa mwanafunzi alikuwepo mmoja pia, tukimwita Sirena, yaani king'ora cha ambulensi."

Aliishia wapi?

Akauliza kama nataka maji.

Nilimshauri apige simu tena, amrudishe. Akasema atafanya hivyo. Nimetoka bila kuona amefanya.

Jumamosi, 21 Septemba

Hakufanya. Au alichelewa, ndivyo anavyosema. Ratiba ilibandikwa ubaoni, jina la Gumban limekatwa kwa mstari mwekundu.

Rhealyn alinipigia asubuhi. "Hata yeye, Manang." Simu ikakatika.

Nimekwenda dharura mchana. Nimerudi nyumbani. Nimekwenda tena. Siwezi kukaa. Watoto wa kuhara wamejaa, wazee wa pumu, mlevi kaumwa na mbwa wake mwenyewe. Zamu mbaya kuliko ya basi, wanasema manesi. Na Rhealyn hayupo!

Nikamuuliza Kirby: sasa je?

"Labda nuksi kaiacha kitini pake," akasema. Hakuna aliyecheka. Nesi mmoja, nilimwona kwa macho yangu, alikizunguka kile kiti.

Nelson kapiga mara nyingi. Sijapokea.

Jumapili, 22 Septemba

Habari haikutoka. Ukurasa una tundu, Nang, alifoka Nelson, niweke nini, picha ya paka wangu? Nikamwambia weka paka. Wasomaji watapenda.

Baada ya Misa Dk. Salcedo kanipigia. Amewaita wanafunzi wote asubuhi, amewaeleza alichofanya, hakujipamba. Kura marufuku. Jumamosi ijayo atakesha yeye na Rhealyn, majina yao mawili tu ubaoni. "Sasa andika," akasema. "Yote." Nilimuuliza wanafunzi walipokeaje. Wengine waliinamisha vichwa. Kirby aliikunja kofia yake akaitia mfukoni.

Nikampigia Rhealyn. Alikuwa ameshasikia.

"Asinionee huruma. Wagonjwa watakuja, ni hospitali hii. Wakianza kumiminika nitamtazama usoni. Sura haidanganyi, Manang. Nikiona kitu hata kidogo pale, sina sababu ya kubaki."

Kwa hiyo utabaki mpaka Jumamosi?

"Sijasema hivyo. Barua yangu ya kuahirisha bado iko kwa mkuu wa kitivo."

Nikasikia mama yake akimwita kula, naye akimjibu, Bado, Nay. Nilidhani amemaliza.

"Na wewe, Inday wa magazeti?" akaniuliza, kwa utani kidogo, kama anaita binti mdogo. "Wewe ungekesha na mimi?"

Nikamjibu kwamba mimi si daktari.

"Hilo si jibu," akasema, akakata.

Anaitwa kesho, saa mbili asubuhi.