Mkia wote huo

Hileni, pokea simu! Nimelia mpaka basi.

Usiku kucha nimepiga picha ile nyota yenye mkia, kumbe kifuniko cha lenzi kiko palepale! Nilikiweka nipige zile picha za giza za kuondolea chenga, nikasahau kukitoa. Kifuniko, Hileni! Zote nyeusi tii.

Mama akaingia na uji wa uwele wa mahangu. "Haya, nionyeshe hiyo nyota."

Nikamgeuzia kompyuta anicheke.

Akainama, akatabasamu. "Jamani, mkia wote huo! Umeipatia, mwanangu."

Skrini nyeusi, Hileni. Nyeusi! "Mkia wote huo."

Si aliniambia macho yanamsumbua kidogo tu?

Picha zangu zote alizozisifu mwaka huu, alikuwa anaona nini?