Pasi za Mkaa

Mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko ulikojificha. U hali gani? Kifua kimetulia? Mimi mzima, ila miguu inavimba na usingizi umenikimbia. Wajukuu hawajambo. Nimewaambia babu yao kasafiri. Uongo huo ni wako, mimi nimekubebea tu.

Dereva wako kanifikishia maneno yako. Ati wachunguzi wakija niseme fundi wako Chiriku, marehemu wa watu, aliingiza mkaa mwenyewe nawe hukujua. Shule sikusoma sana, lakini ujinga nao sikusomea. Unamtwisha maiti mzigo kwa sababu hawezi kuutua?

Sheria ya majengo ilipotoka, kwamba maduka na ofisi zisile umeme ovyo, ulianza vizuri. Ukabadilisha taa za dukani, ukaweka madirisha ya vioo viwili, ukatandika povu gumu darini kuzuia joto. Nilikusifu, na mimi sisifu ovyo. Mkaguzi akasema kilichobaki ni chumba cha mafundi cherehani kule nyuma, pasi zao zinakunywa umeme kama ng'ombe kisimani. Akashauri ununue pasi zinazokula umeme kidogo. Wewe ukaona umeshika akili ya dunia nzima: ukazikusanya za umeme, ukawaletea za mkaa, kama ile ya mama yetu. Mama alipiga pasi uani, jamani! Uani! Wewe ukawaweka chumbani, tena matundu ya hewa ukayaziba kwa povu lililobaki, ati ubaridi wa kiyoyozi usivuje.

Chiriku alinifuata nikifagia ngazi, akasema kichwa kinamgonga tangu asubuhi. Hata hapo akatania, kwamba tajiri kamaliza kuokoa umeme, sasa anaokoa pumzi. Nikaja kukwambia. Ukanijibu nishike ufagio wangu.

Mkaguzi aliporudi, pasi za mkaa mkazificha stoo. Akakuta matumizi ya umeme yameshuka, akakupa cheti, ukakibandika mlangoni na kuita watu wakione.

Kisha ikaja ile mvua, nao mafundi wakafunga mlango isiwalowanishie vitambaa. Nilisikia harufu ya nguo inayoungua, nikausukuma. Mafundi wote wamelalia cherehani zao. Nikaita majirani, tukawaburuta nje, wakatapika, wakazinduka. Chiriku hakuzinduka. Pasi yake ilikuwa imetoboa gauni la mteja mpaka kwenye ubao wa meza. Mwanamke yule hakuwahi kufunga mdomo tangu nimjue; nikamwita, nikamtikisa, kimya. Wewe ulifika, ukachungulia, ukaingia garini.

Sasa sikia, na ukae chini kwanza. Wachunguzi walikuja jana. Mama yake Chiriku alikuwa kakaa ngazini, kapakata mkasi wa mwanawe. Wakaniuliza mkaa ulitoka wapi. Nikawaambia kwa mdogo wangu, tumbo moja. Nikapanda stuli, nikalichomoa lile povu kwa mkono wangu wakiangalia. Wakauliza uko wapi. Nikawaambia na hilo.

Utaniita msaliti. Niite. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama akiwa shambani, na ningekubeba tena kwa jambo lolote, si kwa hili.

Barua anakuletea dereva huyo huyo, nao wako nyuma yake. Usiruke ukuta, utajiaibisha. Oga, vaa shati safi, utoke mwenyewe kwa mlango wa mbele.

Msalimie mwenyeji wako, mwambie aniwie radhi kwa wageni.

Ni mimi,
Dada yako