Mwanya wa Kuchonga

Nkowe, Ruangwa
10 Agosti 2004

Mdogo wangu Moza,

Raudha amepoteza meno mawili ya mbele juzi Jumapili. Nimeanza na hilo, salamu zinafuata: hujambo, na shemeji hajambo? Sisi tunaamka, basi.

Mwanangu alipotoka saluni kwako mwezi uliopita na ule mwanya uliomchonga, wasichana wa hapa walimfuata hadi kisimani wauone. Wiki ya pili meno yakawa meusi. Sasa kidevu kimevimba hadi shingoni, hata mate anayameza kwa taabu. Tabibu aliyemng'oa anauliza: mbali na tupa, kulipakwa nini? Raudha anasema ulimwapisha asiseme.

Barua hii Masoudi wa basi atakupa mkononi. Niambie ulipaka nini, upesi.

Dada yako,
Sofia


Nachingwea
17 Agosti 2004

Dada Sofia,

Shikamoo. Naamini Raudha ameshapata nafuu. Mimi mzima, ila jino linanisumbua likikutana na chai.

Umeniandikia kama polisi. Raudha sikumwita, alikuja mwenyewe na picha ya mwimbaji aliyoikata kwenye kalenda. Kuchonga mwanya ndiyo fasheni sasa. Mimi nilianza na meno yangu, peke yangu mbele ya kioo. Tupa ilikuwa mpya na niliichemsha. Wenzake wote wanashukuru.

Wewe huwezi kujua, dada. Mwanya wa mama ulikwenda kwako peke yako. Kila mgeni aliyekuja nyumbani, "huyu kachukua kicheko cha mama yake," na mimi nimesimama pembeni nimefunga mdomo. Raudha naye kanyimwa vilevile. Nilimpa alichokosa. Na jicho la watu usilisahau.

Asukutue maji ya chumvi. Nitakuja nikipata nafasi.

Mdogo wako,
Moza


Nkowe, Ruangwa
23 Agosti 2004

Moza,

Raudha tulimzika jana baada ya adhuhuri.

Barua yako ilikuwa na kalenda, na kioo, na mwanya wa mama. Jibu halikuwamo. Aliniambia mwenyewe, siku ya mwisho aliyoweza kusema, kwa sauti ya mtu aliyejaza uji mdomoni: "Mama mdogo alisema ni ganzi. Mafuta ya ganda."

Ganda la korosho, Moza. Tumebangua korosho pamoja tangu hatujajua kusoma. Mama alitupaka majivu mikononi kwanza, na bado ngozi ilitoka kama ya kiazi kilichochemka. Duka langu limetoka kwenye vidole hivi. Ukayachukua mafuta yale yale ukampaka mtoto kwenye fizi. Ni kweli hakusikia tupa. Nyama ilikuwa imeshaungua.

Labda hata ningejua mapema asingepona. Tabibu hakuniahidi kitu. Hilo limekwisha.

Lakini Zaina na Albina wa Matambarale walikuja matangani wamefunika midomo kwa kanga. Nikadhani ni majonzi. Zaina alipopokea maji nikauona mwanya, na jino la pembeni limeanza kuwa jeusi. Hao wawili nimewaona kwa macho yangu. "Wenzake wote" ni wangapi? Nitajie jina la kila uliyempaka, na kijiji chake, niwafuate kwa baiskeli. Usiniandikie pole. Usiniandikie jicho la watu.

Masoudi atasimama mlangoni kwako Ijumaa saa sita mchana, na hatazima injini. Majina awe nayo mkononi.

Na hilo jino lako linalokataa chai, unalipaka nini?

Dada yako,
Sofia