Sauti Niliyoikata Katikati

Kwako kaka Elieza,

Shikamoo kaka. Nakuamkia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu umenifungia, na una haki. Kila nikimpigia mama nikaulizia habari zako, ananiambia, "Kaka yako yuko shambani," huku mimi nakusikia ukikohoa hapo hapo jikoni. Mama naye, kudanganya kajifunza lini? Ila hicho kikohozi kimenitia wasiwasi. Umekwenda hospitali, au bado unajitibu kwa tangawizi na ubishi?

Mimi mwili ni mzima. Huku Ujerumani baridi imeshika, natoka kwenda kazini kiza na kurudi kiza. Katika nyumba ya wazee nimezoeleka. Kuna bibi mmoja nilimwonjesha makande, akasema mahindi ni magumu, kisha akamaliza sahani. Nilicheka, halafu nikakumbuka wewe unavyokwangua sufuria, nikaenda kusimama koridoni kidogo mpaka nikatulia.

Lakini sikukaa hapa ili nikusimulie baridi. Nimekukosea kaka, na kosa lenyewe hulijui lote.

Unakumbuka nilivyokusumbua ujiunge na Msaragambo, baraza letu la mtandaoni. Tulilianzisha mimi na Saitoti, yule wa ukoo wa wafugaji niliyesoma naye Same, ambaye sasa ni fundi simu Ndungu, na vijana wengine wachache wa milimani na wa tambarare. Hatukutaka kuwa kikundi ndani ya mtandao wa watu wengine, ambako anayetukana ndiye anayesikika. Tukajenga tovuti yetu wenyewe, tukaipa jina hilo kwa sababu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kila mtu huja na jembe lake, hata yule mliyenuniana jana. Tukaweka kanuni moja kubwa: rudisha kwanza. Kabla hujamjibu mwenzako, urudie alichosema mpaka yeye mwenyewe akubali, "Ndivyo."

Kanuni hiyo imenipa sifa huku. Watu huniuliza nimeitoa wapi, nami hutabasamu tu, kama vile niliiota. Niliitoa kwako. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba baba, alipokuwa akisimamia ndiva yetu, lile bwawa la kumwagilia, watu wakigombania zamu ya maji hakumruhusu mtu kujitetea kabla hajayasema malalamiko ya mwenzake. Mimi wakati huo nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Ningeyajulia wapi?

Sasa sikiliza siku ile ilivyokuwa. Nilikuwa nimealikwa kwenye ukumbi wa usharika wa hapa, niwaonyeshe watu baraza letu kwenye skrini kubwa. Nilivaa kile kitenge alichonipa wifi. Nilikuwa nimechagua mazungumzo matamu ya vijana wawili, mmoja wa mlimani na mmoja mfugaji, wakiongea kwa upole kuhusu shule. Nilipofungua nikakuta juu kabisa kuna sauti mpya, nikaibonyeza bila kufikiri. Ukumbi mzima ukakusikia: "Mimi Elieza wa Gonja, nimechoka! Ng'ombe wamelala kwenye mpunga wangu kama wako bomani kwao!" Ukachanganya na Kipare, ukapandisha sauti, na nyuma yako jogoo wa mama akawika. Wale watu hawakuelewa neno hata moja, ila hasira haihitaji mkalimani.

Niliona aibu. Niseme ilivyo: nilikuonea aibu wewe, kaka yangu uliyenibeba mabegani kuvuka korongo ili viatu vyangu vya shule visilowe. Nikaikata sauti yako katikati. Nikabonyeza tena, nikaifuta na kukutoa barazani kabisa, kwa sababu ufunguo ulikuwa wangu peke yangu. Mama mmoja akaniuliza kama namfahamu huyo mtu. Nikajibu, "Hapana, ni mtu tu wa kijijini." Na jogoo alikuwa ameshawika. Wewe ni mzee wa kanisa, habari ya Petro unaijua kuliko mimi.

Nilijidanganya kwamba umevunja kanuni. Ndivyo hata ule ujumbe wa mashine ulivyokuambia: umeondolewa kwa kuvunja kanuni. Miezi ikapita, ukanifungia simu, nikakuona una kisirani.

Majuzi Saitoti akanipigia. "We Namkunda, hivi bro wako ana nini na sisi?" aliniuliza. "Katuita mwenyewe Jumamosi ile, tukamjibu tunakuja. Nikampakia baba mdogo kwenye bodaboda, tukakaa kwenye banda la shamba lake mpaka saa saba mchana, hata kivuli chake hatukukiona. Mzee anasema kadharauliwa."

Kumbe Saitoti alikuwa ameisikiliza sauti yako yote kabla sijaifuta, na jibu lake lilifika ukiwa umeshatupwa nje. Wewe ukadhani wao ndio waliokufukuza, nami nikawaunga mkono. Wao wakadhani uliwaita ukawakimbia. Katikati yenu alikuwapo mtu mmoja, naye ni mimi. Sauti iliyofutwa hubaki kwa mwenye ufunguo, basi nikaenda kuitafuta, nikaisikiliza kwa mara ya kwanza hadi mwisho.

Nimelikiri kosa langu barazani, kwa sauti yangu na jina langu. Hawakunitukana, na ingekuwa afadhali wangenitukana. Kijana mmoja wa Ndungu aliuliza tu, "Wengine uliowatoa ni akina nani?" Wameninyang'anya ufunguo, na wamefanya vizuri. Sasa hatolewi mtu mpaka watatu wamsikilize hadi mwisho. Saitoti alininunia siku mbili nzima, siku ya tatu akanitumia utani: "Wapare na kupenda kesi! Hii umejishtaki mwenyewe, na bado umeshindwa." Nikajua ameanza kupoa.

Baba yake mdogo anasema atakuja tena, ila aitwe kwa kinywa chako, si kwa mtandao wala kwa kinywa changu. Mama ameniambia umeiziba njia ya ng'ombe kwa miiba, na kwamba wiki iliyopita watu walinyanyuliana fimbo pale mtaroni. Mpunga umeshatoa masuke na ng'ombe wana kiu. Naogopa kaka. Naogopa fimbo ikimshukia mtu, itakuwa imeshushwa na kidole changu. Hata hivyo sikuombi unisamehe ili mambo yenu na wao yanyooke. Njia ni yako na wao. Langu na wewe ni jingine, na hata ukikaa na kinyongo hicho miaka, nitasema nimestahili.

Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa Mwanga anayerudi likizo, ataiacha Same kwa shangazi muuza vitambaa, naye ataipandisha kwa basi. Nisalimie mama, umwambie uongo haumfai, aache. Msalimie wifi, mwambie kitenge chake nimekikunja, sitakivaa mpaka nikivae mbele yako. Baba mkubwa anayeimba besi kwaya, na watoto wako wote wanaoniita shangazi wa kwenye simu, wape salamu zangu.

Sasa kaka, ngoja nirudishe kwanza maneno yako, kama nilivyotakiwa siku ile.

Ulisema umechoka. Ulisema ng'ombe wamelala kwenye mpunga wako mara ya tatu, na kwamba hakuna aliyekuja kukupa pole. Kisha ukashusha sauti. Ulisema umemsikia Saitoti akieleza kuwa ng'ombe wao walipita hapo kwenda kunywa kabla mashamba hayajapimwa, na kwamba hilo ni kweli, maana baba alikuonyesha njia hiyo ukiwa mdogo. Ulisema uko tayari kuacha ukanda upande wa mtaro, upana wa ng'ombe wawili, mradi wawekwe watu wazima wa kuwaswaga. Ulisema waje Jumamosi muupime pamoja kwa miguu. Halafu ukadhani umeshazima simu, ukamwambia mama, "Namkunda akiisikia hii atafurahi."

Ndivyo, kaka?

Mdogo wako,
Namkunda