Kiti Kilichosukumwa Nyuma

Kolwezi, siku ya kazi moja (Jumatatu)

Kwako yaya Zéphirin, kaka yangu,

Huku tuko muzuri. Mutoto Shekina ameota meno mbili. Mama alirudi toka Lubudi na mihogo mingi, anakutunzia yako.

Mashindano ya motokari ya club yetu yamepita. Siku ya posho, ku majaribio, niliendesha Celica yetu nikapita bote kwa mbio, tukapewa nafasi ya mbele ya kuanzia course. Hata bale ba club ya Mutoshi balipiga makofi.

Kesho yake, siku ya Mungu asubui, siku ya course, nikaingia mu motokari, miguu yangu haikufika ku frein ya kusimamisha. Kiti kilisukumwa nyuma. Gael, shemeji yako, ndugu ya bibi yako, alisimama pale na casque ya kichwa mu mikono, anaangalia chini. Tata Kabemba, mukubwa wa club, akanionyesha message yako: “Gael ndiye atakimbia. Adèle anajua.”

Mi sikujua, yaya. Ile moteur tuliifungua sisi wawili mu lupango ya nyumba ya mama, na ni weye uliniahidi course.

Gael alikuwa wa tano. Kiti nimekirudisha mbele.

Mama aliuliza nilifika wa ngapi. Nilimwambia wa tano ni mi. Sikupenda ajue vile ulinitendea.

Mudogo wako,
Adèle