Chumba cha Kusikilizia

Lodwar, 14 Februari 2023

Mpendwa Baba,

Ejok! Natumaini barua hii inakukuta mzima, na shangazi Nakuleu naye mzima, na goti lake limeacha kumsumbua. Mimi huku sijambo, ila joto la Lodwar unalijua.

Nimekupigia simu mara nne tangu Krismasi. Unapokea, unasema "ndiyo, ndiyo, binti yangu," halafu inakatika. Shangazi anasema ni mtandao. Basi nimeamua kuandika kama watu wa zamani. Manyang, yule dereva anayeleta faili za mahakama ya kuzunguka huko Kakuma, amekubali kuwa posta yetu.

Habari kubwa ni ya kazi. Kaunti imekua kuliko nyumba zake. Watu wa maji wamekodi nyumba nyuma ya soko, watu wa ardhi wako ndani ya kontena, na sisi wa mipango tuko kumi na mmoja kwenye meza sita. Ukienda kunywa chai, unarudi unakuta mtu amekalia kiti chako. Sasa imeamuliwa Kakuma nako kujengwe: ofisi za kaunti, na chumba cha mahakama, kiwanja kimoja, upande wa barabara ya Kalobeyei. Na mchoro, Baba, nimepewa mimi. Bosi wangu, Bi. Amuria, ameniambia nihesabu watu, vyumba na milango, na nifikirie miaka ishirini mbele.

Idara yetu itapata ofisi huko. Mtu mmoja lazima ahamie. Unajua ni nani anayetaka.

Ni mwendo wa saa tatu tu toka hapa hadi mlangoni kwako, lakini wiki hii niko Lokori, wiki ijayo Nakalale, Jumamosi naandika ripoti. Miaka tisa sasa nakuja nyumbani kama mgeni, kikombe changu kinatolewa kabatini.

Wewe umetafsiri mahakamani miaka ishirini na mbili. Niambie, chumba cha mahakama kinahitaji nini?

Mwanao,
Akaale


Kakuma, 2 Machi 2023

Mwanangu Akaale,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Goti la shangazi yako linauma akitumwa, akiitwa kula linapona. Wewe je, unakula? Manyang anasema umekonda, ingawa yeye humwambia kila mtu hivyo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Shangazi yako ameshaanza kupanga chumba chako; mbuzi wawili waliokuwa wanalala humo wamefukuzwa.

Umeniuliza kuhusu mahakama. Huu ukumbi tunaoazima una bati tupu, hauna dari. Upepo ukipiga, bati linaongea kuliko wakili. Nyuma kuna jenereta ya mwenye duka la barafu. Mashahidi hawana pa kungojea, wanakaa nje kwenye benchi moja na ndugu za mshtakiwa, magoti yanagusana. Mwezi jana mama mmoja alikuja kusema alivyopigwa. Alipoitwa ndani alikuwa ameshasahau lugha zote. Nilimuuliza kwa Kiturkana, Jeanine akamuuliza kwa Kiswahili cha taratibu. Alitazama sakafu mpaka Mheshimiwa hakimu akaahirisha kesi.

Jeanine ni yule Mkongo anayetafsiri Kifaransa na Kiswahili cha kwao. Tunakaa meza moja. Mtu mwema.

Kwa hiyo andika: mashahidi wapate chumba chao na mlango wao. Na kiti cha mkalimani kiwe karibu sana na shahidi. Karibu kabisa, Akaale, si pale mbele kwa karani.

Lakini anza na ofisi. Mahakama imengoja miaka yote hii, inaweza kungoja tena. Rudi nyumbani kwanza.

Baba yako,
Lokuruka


Lodwar, 21 Aprili 2023

Mpendwa Baba,

Hujambo? Shangazi hajambo? Huku mvua imenyesha mara mbili, kila mtu amekuwa mpole.

Nimechora kiti cha mkalimani hatua moja kutoka kwa shahidi. Bi. Amuria aliuliza kwa nini karibu hivyo, nikamwambia nimeelekezwa na fundi mkubwa.

Baba, kuna jambo sikukuambia siku ile ya mwezi jana nilipokuja huko na wapimaji wa kiwanja. Tulikuwa na nusu siku tu, ndiyo maana tulikunywa chai tumesimama. Lakini kabla ya chai nilikuona pale nje ya ukumbi, umenipa mgongo, unafunga sandali. Nilikuita. Nilikuita mara tatu, kwa jina ambalo mimi peke yangu hukuita. Watu wote waligeuka isipokuwa wewe. Kisha Jeanine akakugusa bega, ukageuka, ukacheka, ukasema, "Kumbe umefika!"

Si mtandao, sivyo?

Hapa hospitalini kuna daktari wa masikio anayekuja kila mwezi. Niruhusu nikuandikishe.

Mwanao,
Akaale


Lodwar, 19 Juni 2023

Baba,

Salamu. Natumaini mko salama, maana sijui. Wiki nane sijapata hata mstari mmoja. Manyang anasema unapokea barua, unamshukuru, unaingia ndani. Kama nilikukosea heshima kwa swali langu, nisamehe.

Nakuandikia pia kwa sababu mambo yamebadilika. Pesa za awamu ya kwanza hazitoshi majengo yote mawili. Ni ama ofisi, ama mahakama. Hiyo awamu ya pili hakuna anayejua itakuwa mwaka gani. Bi. Amuria anataka pendekezo langu mwisho wa Julai. Aliniambia, "Akaale, ukiandika ofisi, nitasaini. Ukiandika mahakama, nitasaini pia. Lakini andika kitu unachoweza kukisimamia mbele ya watu."

Ofisi zimejaa kweli huku, sitadanganya nikisema tunazihitaji. Na nimechoka kula peke yangu.

Niambie neno.

Akaale wako


Kakuma, 8 Julai 2023

Mwanangu,

Sisi wazima wa mwili. Hukunikosea. Nilikaa kimya kwa aibu, na sasa nimepata aibu kubwa kuliko ile, kwa hiyo ile ndogo imekuwa rahisi kuisema.

Masikio yangu yanaondoka. Ni mwaka wa tatu. Sauti nzito za wanaume bado nazipata. Za wanawake ndizo zinaondoka kwanza. Ya shangazi yako imeshakwenda, nasoma midomo yake. Mahakamani nilikuwa nakamata nusu ya maneno, nusu nyingine naijaza mwenyewe, maana kesi hufanana. Nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia. Jeanine alijua. Kila Mheshimiwa aliponiuliza kitu, alinigonga mguu chini ya meza.

Lakini Jeanine hajui Kiturkana. Mwezi wa tano kulikuwa na kesi ya kijana wa Kalemng'orok, Lopeyok, kwamba alivunja duka. Shahidi alikuwa mama muuza mkaa. Bati lilikuwa linapiga, jenereta inanguruma. Aliulizwa kama mtu aliyemwona ndiye huyu. Alisema, "Si yeye, ila anafanana naye." Mimi nilisikia "yeye" na "anafanana." Nikatafsiri: "Ndiye, ninamtambua." Kijana akanyimwa dhamana, akapelekwa rumande huko Lodwar.

Yule mama alinikuta sokoni siku ishirini na sita baadaye. Alinisimamisha, akasema kwa sauti kubwa, na nashukuru ilikuwa kubwa: "Mzee, mbona mlimfunga? Mimi nilisema si yeye."

Ningeweza kusema alikosea yeye. Nani angemwamini muuza mkaa dhidi yangu? Nilirudi nyumbani, sikula. Asubuhi Mheshimiwa alipofika na gari la faili, niliingia kabla hajavua koti. Nikamwambia, "Kosa ni langu. Sisikii." Aliniuliza, "Tangu lini, Mzee Lokuruka?" Hata hilo ilibidi Jeanine aniandikie kwenye karatasi.

Faili iliitishwa, mama akasikilizwa upya, Lopeyok akatolewa. Nilimngoja pale gari liliposhusha watu. Nilimwomba msamaha. Alisema kitu, sikusikia ni nini, akaenda zake.

Kazi nimeiacha. Sasa wanarudi nyuma kupitia upya kesi zangu za miaka mitatu.

Nilipokuambia uanze na ofisi, sikuwa nafikiria kaunti. Krismasi bado nilikuwa na sauti yako kidogo, hasa ukicheka. Nilitaka urudi nyumbani nikiwa bado nayo. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Sasa sikuombi uandike hivi wala vile.

Niandikishe kwa huyo daktari.

Baba yako,
Lokuruka


Lodwar, 3 Agosti 2023

Mpendwa Baba,

Ejok, Baba yangu. Shangazi mpe pole ya kufunga safari na wewe kuja kwa daktari. Zile siku mbili mlizolala kwangu, nyumba ilikuwa nyumba. Najua kile kifaa cha masikio kinakupa kelele zote pamoja, sufuria na watu na magari, lakini kivae. Daktari alisema polepole.

Sikuweza kukuambia uso kwa uso, kwa hiyo naandika. Pendekezo nililipeleka Jumatatu. Nimeandika mahakama.

Nimeandika ukuta mnene upande wa barabara, dari chini ya mabati, chumba cha mashahidi chenye mlango wake, na kiti cha mkalimani pale pale. Bi. Amuria alisoma yote, akauliza, "Na wewe?" Nikasema nafasi yangu inabaki Lodwar. Akasaini. Nilikwenda msalani nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye kikao cha kupanga viti.

Nilifikiria kukuuliza kwanza. Niliogopa utasema sawa kwa mdomo tu.

Nitakuja kila nitakapoweza. Najua si sawa na kuishi.

Mwanao,
Akaale


Kakuma, 6 Machi 2025

Mwanangu Akaale,

Natumaini ulifika salama baada ya sherehe za kufungua mahakama, na vumbi la njiani halikukupa kikohozi. Sisi wazima. Shangazi yako anawaambia watu kanisani kwamba mahakama ni ya binti yake, akiulizwa choo cha wageni kiko wapi anaelekeza kama mwenye nyumba.

Jumanne wamesikiliza kesi ya kwanza humo. Jeanine alikuja kunisimulia, akiandika kwenye daftari langu. Mkalimani wa Kiturkana sasa ni Nakiru, msichana makini. Shahidi alikuwa mwanamke. Alingojea kwenye chumba chake, akaingia kwa mlango wake, akasema yote, na hakuna aliyemwambia arudie. Jeanine alipofika hapo aliweka kalamu chini.

Sasa nina jambo. Siku ya ufunguzi, watu walipokwisha kwenda kwenye nyama, wewe ulinishika mkono tukaingia mle ndani wawili. Ulikaa kiti cha shahidi, ukaniweka kwenye kiti cha mkalimani. Ukasema maneno, marefu kidogo, unanitazama. Ukanyamaza. Nami nikaitikia kwa kichwa, ukafuta macho, tukatoka.

Akaale, sikusikia. Nilijua ni sauti yako, niliipata kama mtu anavyopata joto la moto akiwa chumba cha pili. Maneno sikuyapata hata moja. Chumba hakina kosa, nacho kifaa nilikuwa nimekivaa. Ni mimi niliyekwisha. Niliitikia kwa kichwa kwa sababu uso wako ulikuwa unangoja.

Niliapa sitafanya hivyo tena kwa mtu yeyote, nikakufanyia wewe.

Ulisema nini? Niandikie.

Baba yako,
Lokuruka


Lodwar, 11 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Ejok. Nilifika salama. Sina kikohozi. Msalimie shangazi.

Nilisema hivi: "Baba, nilipoandika mahakama nilijua ninachokunyima. Daktari alikuwa ameshaniambia sauti yangu itakutoka, na nikaandika hivyo hivyo. Ningeweza kuja nyumbani, sikuja. Umenisamehe?"

Uliitikia kwa kichwa. Nikarudi Lodwar mwepesi, hata Manyang aliuliza nimepandishwa cheo.

Sasa nakuuliza tena, kwa maandishi. Usiharakishe. Gari la faili linarudi huku Ijumaa, na Ijumaa nyingine, na nyingine.

Mwanao,
Akaale