Mausi Haikuwa Lazima

Dada Perisi,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba kabla sijamaliza, halafu ungeuliza kama Mnyamwezi amekula. Nimekula. Habari za huko uliko? Mguu umepona, na lile donda limefunga? Hapa dukani na kule nyumbani sote wazima, ila upepo ndio ule ule, vumbi mpaka ndani ya chai. Macho nitayauliza mbele kidogo, maana hayo ndiyo yaliyonikalisha hapa.

Leo Jumapili. Tajiri wetu Bwana Kassimu kaniachia funguo za duka nimalizie kuchapa mitihani ya shule. Nimemaliza, nikaswali adhuhuri pale nyuma ya mashine ya fotokopi, nilipokunja mswala nikajikuta nimevuta karatasi na kalamu. Sijui dini yangu inasemaje juu ya kumwandikia mtu aliyekwisha kuzikwa. Sikumuuliza mtu, nisije nikakatazwa.

Habari ni nyingi. Shirika letu la zamani, lile lililotupunguza mimi na wewe siku moja lilipouzwa, sasa ni ghala la magodoro. Nilipita juzi. Dirisha letu lipo, wameliziba kwa mabati. Nikasimama pale barabarani kama mjinga, nikakumbuka nilivyoingia mara ya kwanza na darasa la saba langu na vidole vigumu, ukanikalisha mbele ya taipu, ukanifunika mikono kwa khanga yako. "Piga, usiangalie," ulisema. "Ukiangalia utaandika kwa macho, na macho yanachoka." Nikapiga upuuzi mtupu. Ukaisoma ile karatasi kwa sauti ofisi nzima isikie, ukasema, "Kumbe Kinyamwezi kinaandikwa hivi!"

Ndiyo ilikuwa salamu yako. Uliposikia tu kwamba babu wa babu yangu alitoka Unyamwezi na mzigo wa watu kichwani akaishia hapa, ukasema ndiyo maana sina shingo. Nami nikakujibu kwamba babu zako Wagogo walikaa njiani kuwadai hongo babu zangu, na wewe umerithi, chai yangu haiwezi kupita mbele yako salama. Ukanyoosha mkono, ukaichukua, ukainywa. Ikawa hivyo miaka kumi na tisa. Watani. Hakuna siku mmoja wetu alirusha neno likakosa kurudi. Hata siku tuliyopewa barua za kupunguzwa, wewe unalia, uliniambia, "Sasa utarudi kubeba mizigo." Nikakujibu huku nalia, "Nitakupitia unidai hongo."

Nilikuwa nimejizungusha. Sasa niseme.

Unakumbuka Bwana Kassimu alipotuchukua sote wawili baada ya kupunguzwa, na kompyuta ya zamani hapa dukani, ile ya skrini ya buluu na maandishi meupe. Haikuwa na picha wala kidude cha kushika. Ilitaka vitufe tu, na wewe ulivijua vyote. Cha kusevu, cha kuprinti, cha kuhamisha aya, vidole vyako vilikwenda vyenyewe huku unamtazama mteja usoni na kumuuliza habari za watoto. Mimi nilikuwa na kikaratasi nimekibandika, wewe hukuwa nacho. Watu walisubiri foleni yako hata kama mimi nimekaa bure. Sitasema sikuona wivu. Mungu anajua, kwa nini nikufiche wewe.

Kisha duka la jirani likaanza kutoa kadi za harusi zenye maua na herufi za mikunjo, wateja wakahama. Bwana Kassimu akaleta fundi kutoka Area D na mkoba wa disketi, abadilishe mfumo wote. Tulikaa kwenye benchi kama ndugu wa mgonjwa. Anaingiza disketi, mashine inanguruma, anatoa, anaingiza nyingine. Kila ikinyamaza ulikuwa unaniinamia, "Bado inapumua?" Ilipowaka ikaleta lile wingu na vijipicha vidogo vidogo, fundi akaweka mezani mausi, kile kidude chenye mkia wa waya, ukasema, "Haya, wamemzika yule, sasa wametuletea mgeni."

Mimi mgeni nilimpenda siku hiyo hiyo. Nilikisogeza kile kidude, mshale ukanifuata, nikacheka kama mtoto. Kwa mara ya kwanza sikuhitaji kukumbuka kitu, kila jambo limeandikwa pale juu, unalifuata unalibonyeza. Wewe ulipobonyeza kitufe chako cha kusevu hakikusevu. Cha kutokea hakikutoa. Na chini ya kila neno la Kiswahili mashine ikachora mstari mwekundu. Ulikasirika! "Miaka yote nachapa, leo hii inanisahihisha?" Ukaanza kuyafuta maneno mazuri ukayaandika upya, na mistari ikarudi.

Nilikuona unavyokishika kile kidude. Unakipeleka mpaka ukingo wa meza, unakiinua hewani, uso umeusogeza kwenye skrini karibu kuibusu. Unatafuta mshale na mshale upo katikati. Niliona yote hayo, Dada. Nikadhani ni uzee na ubishi. Nikafurahi kidogo. Hilo ndilo neno zito kuliko yote katika barua hii, nami nimeliandika.

Siku yenyewe ilikuwa ya mnada, duka limejaa. Mwalimu mmoja mkuu kaleta mitihani, kasema achape Mama Damari tu, ndiye wewe, na ulikuwa unaichapa tangu asubuhi. Ukafika mwisho, kikatokea kile kisanduku kinachouliza kama uihifadhi kazi au usiihifadhi. Ukasogeza uso. Mwalimu anatazama saa. Ukabonyeza, na karatasi zote zikapotea.

Nikaja nikakutoa mausi mkononi. Nilisema nini, unajua. Lakini nimeambiwa toba haikamiliki mpaka mtu alitaje kosa lake, basi nalitaja: "Ondoka hapo, Mgogo. Mashine hii inataka watu wenye macho. Wewe nenda kachunge, ng'ombe anaonekana hata kwa kipofu."

Watu walicheka. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilikuwa nimeshageuka, nimeweka mkono kiunoni, nangoja la kwako. Wallahi nilikuwa nalingoja. Shingo yangu, mizigo yangu, ubahili wangu, chochote. Ukajifunga khanga vizuri, ukasema, "Haya, Zuhura." Ukaenda kukaa kwenye meza ya kutobolea na kubana vitabu.

Zuhura. Tangu tujuane hukuwahi kuniita jina langu.

Ningekufuata pale pale. Lakini tunavyojua sisi, mtani haombi radhi. Ukimwomba radhi mtani umemwambia kwamba lile halikuwa utani, umelifanya tusi. Na mtani hakasiriki, akikasirika ameshindwa. Basi mimi sikuomba na wewe hukukasirika, tukabaki na adabu. Miezi mitano ya "samahani, nipitishie gundi" na "asante." Nilikuachia chai yangu pembeni ya meza kila saa nne. Hukuichukua.

Kisha mguu ukaoza kidole, ukalazwa. Nilijua una kisukari, si nilikuwa naona unavyoikwepa sukari, lakini nilidhani kisukari ni mambo ya chai na miguu. Nilikuja mara mbili. Mara ya kwanza nilikuletea uji wa uwele tukaongea habari za wateja. Mara ya pili niliingia nimeshalipanga neno tangu kwenye geti, na ukageuza uso kuelekea mlangoni ukauliza, "Nani huyo?" Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kitandani, Dada. Hata hapo sikuelewa. Nikasema "Ni mimi," nikatandika shuka, nikasema nitarudi Alhamisi. Wewe hukufika Alhamisi.

Msibani kwenu Ipagala nilijificha jikoni na wanawake wanaokata kabichi. Watu walinitafuta, maana mtani ndiye wa kuwachekesha wafiwa, aige mwendo wa marehemu, azuie chakula mpaka wamtolee kitu wamridhishe. Mjomba wako alisimama uani akauliza kwa nguvu, "Hivi marehemu hakuwa na mtani? Mbona msiba umepoa hivi?" Nikainama kwenye kabichi. Ulizikwa bila utani, kwa sababu yangu.

Mwanao Damari alikuja hapa dukani mwezi uliopita kutoka Kizota, kuchapisha barua za kuwaalika ndugu siku ya kukuwekea msalaba. Alikaa huku nachapa, akaniangalia mkono unavyosukuma mausi, akasema, "Mama naye alikuwa anafanya hivyo hivyo ukutani." Nikamuuliza ukutani vipi. Akaniambia yote, mtoto wa watu, akidhani ananifurahisha.

Kwamba ulipasua boksi la sabuni ukalichora kwa makaa skrini nzima, vijipicha vyote na ile mistari ya juu, kubwa kama mlango. Kwamba ulilipigilia ukutani chumbani, na kila ukitoka kazini ulikaa mbele yake na kipande cha sabuni mkononi. Unasukuma sabuni mezani na kuhesabu kwa sauti: kutoka kona ya juu kushoto, vidole vitatu chini, kimoja kulia, hapo ni kusevu. Damari anasema alikuuliza, "Mama, kwa nini usitazame tu?" Ukamwambia macho yamekwisha tangu mwaka juzi, maandishi meupe kwenye buluu ulikuwa unayabahatisha, mshale huu huuoni kabisa, lakini mikono haijafa. Na kwamba asimwambie mtu dukani. Hasa Zuhura.

"Hasa Dada Zuhura, alisema, asijue," ndivyo Damari alivyosema, anatabasamu. "Alitaka akushtue."

Niliprinti barua zake. Sikumwambia. Alitoka nikafunga mlango nikalia, na Bwana Kassimu akagonga mpaka akachoka.

Sasa sikia la mwisho, lililonikosesha raha kuliko hayo. Wiki iliyopita mausi iliharibika, waya umeliwa na panya wa kweli, duka limejaa. Nikamwita fundi wa Area D, nikamwambia tumekufa, hatuwezi kazi mpaka alete nyingine. Akanishangaa. "Mama, mausi si lazima." Akakaa akanionyesha. Unashika kitufe cha kona ya chini kushoto, unabonyeza herufi S, imesevu. Unabonyeza P, inaprinti. Unabonyeza kile kilicho jirani na kitufe kirefu cha nafasi, mistari yote ya juu inafunguka, unatembea nayo kwa mishale ya kibodi. Hata kile kisanduku kinachouliza, kinajibiwa kwa herufi moja. Kila kitu kinafanyika kwa vidole. Bila kuangalia. Vilikuwemo humo tangu siku ya kwanza, wamebadilisha majina tu.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Mbona hamkuuliza? Nilidhani mnaona."

Ungevijua vyote kwa wiki moja. Ungerudi kwenye kiti chako, unachapa unamtazama mteja usoni, na mimi na mausi yangu ningebaki nyuma kama kawaida. Ilitakiwa mtu mmoja tu amuulize fundi swali moja kwa niaba yako. Mtu huyo alikuwa nani kama si mimi? Nilikuwa na ulimi wa kuwachekesha watu juu yako, sikuwa na ulimi wa kuuliza.

Nilikwenda kwa ustadhi wetu. Sikumtajia jina lako, nilisema nina rafiki. Akanieleza ninachokijua tangu madrasa, kwamba dhambi kati yangu na Mola naweza kuilia kwenye mswala, lakini haki ya mja ni ya mja, mpaka yeye mwenyewe asamehe. Nikasema amefariki. Akasema, "Basi nenda kwa watu wake, useme ulichofanya. Na umwombee." Nikasema si wa dini yetu. Akasema, "Je, alikuwa mtu mwema?" Nikaangua kilio.

Kwa hiyo nakuahidi, Dada Perisi. Jumamosi ijayo ni siku yako ya msalaba. Nitapanda gari la kwanza niende kijijini kwenu ulikozikwa. Sitaingia jikoni. Kukaa juu ya kaburi kama watani wengine wanavyofanya, dini yangu hainiruhusu, lakini nitasimama mlangoni na masufuria yote yatasubiri. Nitaiga unavyojifunga khanga, unavyokunywa chai ya mtu. Nitawachekesha mpaka mjomba wako aridhike. Wakishacheka nitawaambia, Damari akiwa mbele yangu, nililosema siku ile ya mnada, neno kwa neno. Hilo sitalisema kama utani. Kisha nitamwomba Damari radhi, na akinifukuza nitaondoka. Lile boksi nitamwomba nilione mara moja tu kwa macho yangu.

Kwaheri, dada yangu. Mola akuhurumie kwa rehema zake ambazo mimi sizijui mpaka wake.

Lakini neno langu la siku ile mpaka leo halijarudi, na zamu ilikuwa yako. Nitukane, Perisi. Nitukane sana, kama zamani, hata kwa ndoto. Naomba unijibu mapema.

Ni mimi,
Zuhura